Moshi wa Weris na Chokaa ya Makombe

Kila siku, baada ya swala ya alfajiri, Weris alikaa mlangoni kwake na kufukiza vibuyu vya maziwa. Alichukua kijiti kikavu, akakiwasha, kisha akazima mwali wake mpaka likabaki kaa jekundu lenye moshi. Kijiti hicho alikitia ndani ya kibuyu na kukizungusha polepole. Maziwa ya ngamia yaliyotiwa katika kibuyu kama hicho hayakuharibika upesi, tena yalikuwa na harufu nzuri. Wateja wake wa sokoni Garissa walimjua kwa harufu hiyo. Kazi hii alifundishwa na mama yake, naye mama yake alifundishwa na wa kwake. Kwa hiyo tangu utotoni Weris aliamini jambo moja bila shaka yoyote: moshi husafisha.

Waliishi Galbet, mtaa mmoja wa Garissa, katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili. Mumewe, Mursal, alikuwa utingo wa lori la mizigo, na mara nyingi alikuwa safarini. Nyumbani alibaki Weris na binti yake mdogo, Iftin, pamoja na mama mkwe wake, Jawahir.

Iftin na nyanya yake walikuwa chanda na pete. Walilala mkeka mmoja. Walikunywa chai kikombe kimoja, Jawahir akianza na Iftin akimalizia. Jawahir alikuwa mwembamba na mrefu, na ulimi wake haukuwa na likizo. Asubuhi akionja maziwa alikuwa akisema, "Weris, leo umefukiza mpaka ngamia mwenyewe huko aliko anakohoa." Weris alicheka. Alijua kwamba mkwewe akinyamaza ndipo kuna shida.

Jirani yao wa upande wa kulia wa ua aliitwa Arbia. Alikuwa Mbajuni, mtu wa pwani ya Lamu. Mumewe, Yakub, alikuwa fundi wa kujenga nyumba. Kabla ya mvua Yakub alileta magunia ya makombe kutoka pwani. Yalikuwa maganda matupu ya chaza na kome. Huko pwani watu hula nyama yake na kutupa maganda, mpaka yanakuwa lundo nyuma ya nyumba. Yakub aliyaokota bure. Alikusudia kuyachoma apate chokaa ya kupaka kuta, lakini mvua ilimkatiza, akaitwa kazi nyingine mbali. Magunia yakabaki kando ya ua, yakilowa na kunuka.

Jawahir hakuyapenda hata kidogo. Siku moja aliita juu ya ua, "Arbia, ondoa hizo kucha za bahari. Sisi wafugaji wa Sangailu hatuli kitu kisicho na miguu minne."

"Na kuku je, hooyo?" Arbia akamuuliza, akimwita mama kwa Kisomali. "Yeye ana mingapi?"

"Na kuku pia sili," Jawahir akajibu, akaingia ndani.

Weris naye alimwomba Arbia ayasogeze magunia. Arbia aliyasogeza.

Huo ulikuwa mwaka wa 1997. Mvua iliyoanza Oktoba haikutaka kukoma. Mto Tana ulifurika ukaingia mashambani. Barabara zilikatika. Lori la Mursal lilikwama ng'ambo pamoja na mengine mengi, na habari zake zilikuja kwa midomo ya watu tu. Galbet maji yalisimama kati ya nyumba na nyumba. Vyoo vya shimo vilijaa mpaka juu. Kisha watu wakaanza kulitaja jina la ugonjwa kwa sauti ya chini: kipindupindu.

Siku moja kabla ya adhuhuri Jawahir alianza kuharisha. Choo chake kilikuwa maji matupu, meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Halafu akatapika. Kufikia alasiri macho yake yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya mikono ilikuwa imekunjamana. Weris alimwita, naye hakujibu chochote. Jawahir kukosa jibu kulimtia Weris hofu kuliko yote aliyoyaona siku hiyo.

Arbia ndiye aliyekimbia kutafuta mkokoteni wa punda. Walimfikisha mgonjwa kwenye mahema yaliyosimamishwa karibu na hospitali, akatundikiwa maji mkononi. Daktari alisema wamewahi.

Weris aliporudi nyumbani alimkuta Iftin ameketi juu ya mkeka wa nyanya yake, ameshika kile kikombe. Alimpokonya. Kisha akaanza kusafisha kama alivyofundishwa. Ndoo ya mgonjwa aliimwaga nyuma ya nyumba, karibu na ua, akafukia kwa mchanga. Alifagia sakafu. Akatia makaa kwenye chetezo, akanyunyiza ubani na unsi, udi wa Kisomali uliochanganywa na sukari, akakizungusha kila pembe ya nyumba. Moshi ulijaa mpaka paani. Harufu mbaya ikatoweka.

"Alhamdulillahi," akasema moyoni. "Nyumba imetakata."

Jioni hiyo mvua ilinyesha tena. Maji yalipita nyuma ya nyumba, juu ya mchanga ule mpya, yakateremka kwenda upande wa kushoto, kwa jirani yao mwingine, Kinsi. Siku chache baadaye Gelle, mtoto wa Kinsi, akaanza kuharisha maji meupe.

Weris alipata habari hizo. Aliongeza unsi kwenye chetezo. Alifukiza asubuhi, akafukiza jioni.

"Hooyo, macho yananiwasha," Iftin akalia.

"Vumilia, mama. Ndiyo dawa."

Lakini hakutulia. Kila wakati aliligusa tumbo la Iftin. Mtoto akienda haja, alimfuata kutazama. Mtoto akisinzia mchana, alimwamsha kuona kama ataamka. Katika sujudu alikuwa na dua moja tu: Ya Rabbi, nibakishie huyu.

Asubuhi moja alikuja mtu wa afya, kijana Mborana kutoka Wajir aliyeitwa Galgallo. Watu wote walimwita daktari. Alikuwa amevaa viatu vya mpira, matope yamemfika magotini, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala vizuri. Alikuja na habari njema. Jawahir amesimama. Ameomba chai, na tayari amewaambia wauguzi kwamba hawajui kuipika.

"Basi amepona kweli," Weris akasema, machozi yakimtoka.

"Kesho baada ya adhuhuri ataletwa nyumbani," Galgallo akaendelea. "Mahema yamejaa. Kuna watu wamelala chini."

Furaha ya Weris ikakatika ghafla, kama mtu aliyevutwa nguo kutoka nyuma. Akauliza, "Ugonjwa umemtoka wote?"

"Yeye mwenyewe ana nguvu. Lakini vijidudu bado vinaweza kutoka katika choo chake kwa siku kadhaa."

Weris alimtazama Iftin, aliyekuwa akichora kwa kijiti kwenye udongo. Angewezaje kumfungia mlango mama wa mumewe? Mursal angesikia nini huko aliko? Na angewezaje kumfungulia, huku mtoto huyu hajui kulala ila amemwegemea nyanya yake kwa mgongo?

"Nitafukiza," akasema. "Nyumba yote. Nimekuwa nikifukiza kila siku, harufu yote imekwisha."

Galgallo hakumcheka. Alichutama chini, akamweleza polepole. "Mama Iftin, unsi ni mzuri. Hata mama yangu huchoma. Lakini unaondoa harufu, hauondoi ugonjwa. Ugonjwa huu una vijidudu vidogo, jicho haliwezi kuviona, na pua haiwezi kuvinusa. Vinatoka kwenye choo na matapishi ya mgonjwa. Vinaingia kwenye maji au chakula au mikono, halafu mdomoni. Ile ndoo ya mgonjwa uliimwaga wapi?"

Weris alimwonyesha. Galgallo alitazama mchanga uliochimbwa na mvua. Akafuata mkondo wa maji kwa macho yake, hatua kwa hatua, mpaka chini ya ua wa Kinsi. Weris pia aliuona mkondo ule.

"Ni mimi?" akauliza. "Mtoto wa Kinsi, ni mimi?"

"Siwezi kujua. Maji mwaka huu yamepita kila mahali. Lakini tusiyape njia tena."

Galgallo alisema kwamba choo cha mgonjwa kinatakiwa kutiwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kumwagwa. Unga wa dawa uliokuwapo ofisini ulikuwa umekwisha. Mwingine ulikuwa ndani ya lori, na lori lilikuwa ndani ya matope. "Hata chokaa kali ya fundi ingetusaidia," akasema, "ile inayochemka ikitiwa majini. Nimezunguka madukani, hakuna hata mfuko."

Juu ya ua kilitokea kichwa cha Arbia. Alikuwa amesikia yote, maana ua wa Galbet hauzuii maneno.

"Chokaa mimi ninayo," akasema. "Ila bado ni makombe. Haijachomwa."

Galgallo alisimama upesi. Alisema chokaa ni chokaa, itoke kwenye jiwe au kwenye ganda. Ganda la chaza likichomwa kwa moto mkali sana hugeuka, linakuwa jeupe na jepesi. Likitiwa majini huwa kali kiasi kwamba vijidudu haviwezi kuishi ndani yake. "Takataka za watu wa pwani," akasema, "leo zinatufaa kuliko dhahabu. Mnaweza kuchoma?"

"Nimekulia kwenye moshi wa tanuri la chokaa," Arbia akajibu. "Kuni tu ndizo sina."

Weris alikuwa na shaka yake nyingine. Vitu hivi vilikuwa mabaki ya wanyama wa baharini asiowajua hata kwa sura. Je, angeviingiza katika nyumba anayoswalia? Alijifunika, akaenda kwa Maalim Abdilatif aliyekuwa akifundisha watoto Kurani mtaani. Alimweleza yote, hata habari ya ndoo. Maalim alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kilichotoka baharini ni halali," akamjibu, "na ganda lake ni twahara. Binti yangu, umekuja mbio kuuliza kitu kilicho safi. Najisi uliyoiweka kwenye njia ya maji ya jirani hukuja kuiuliza."

Maneno hayo yalimchoma, lakini yalimwondolea shaka. Alirudi nyumbani akiomba msamaha njia nzima.

Kuni za Galbet zote zilikuwa zimelowa. Kuni kavu zilikuwa mahali pamoja tu, nazo zilikuwa zake Weris, zile za kufukizia vibuyu alizozihifadhi darini. Pia alikuwa na gunia la makaa. Kama angezitumia, hangeweza kuuza maziwa mpaka jua lirudi. Alipanda juu ya kiti, akaziteremsha zote.

Arbia alijenga tanuri dogo chini ya paa la bati walilolinyanyua kwa nguzo. Alitandika kuni, akaweka makaa, akaweka makombe, kisha kuni tena na makombe tena. Aliwasha. Moto ulipoanza kupanda, Kinsi aliita kutoka kwake. Alikuwa amerudi kutoka kwenye mahema, alikolazwa Gelle, kuchukua shuka, na hakuwa na mtu wa kumchotea maji.

"Tunza moto, mama Iftin," Arbia akasema. "Naenda mara moja."

Weris alibaki na moto. Aliutazama ukilia na kurusha ndimi, akaona haufai. Katika kazi yake, mwali huunguza kibuyu. Kinachosafisha ni moshi. Basi akafanya kama mikono yake ilivyozoea. Alinyunyiza maji, akafunika kwa majani mabichi na kipande cha gunia. Moshi mzito ukapanda polepole, mweupe, mzuri. Moyo wake ukatulia kidogo. Akakaa kando, akahesabu istighfari kwa vidole.

Arbia aliporudi alisimama palepale langoni.

"Umefanya nini?"

"Nayafukiza," Weris akasema.

"Mama Iftin." Arbia alifunua gunia. "Haya si maziwa. Hapa hatutaki moshi. Tunataka moto."

Walifukua kwa mti. Makombe yalikuwa meusi kwa nje, na ndani bado ni magumu kama mawe. Arbia alichukua moja akalitumbukiza kwenye kopo la maji. Lilizama, likanyamaza. Halikupiga hata povu.

"Halijaiva," akasema. "Hili likimwagwa chooni ni sawa na kumwaga kokoto."

Nusu ya kuni ilikuwa imekwisha. Adhana ya alasiri ilianza. Kesho baada ya adhuhuri Jawahir angekuwa mlangoni. Weris aliketi matopeni, akaweka mikono kichwani, akalia. Iftin alikuja akasimama karibu naye, akamshika bega. Weris aliona mkono wa mtoto una udongo, na vidole viko karibu na mdomo. Aliinuka upesi, akamwosha kwa sabuni, na alipokwisha kumwosha alikuwa ameacha kulia.

"Tufanye nini?" akamuuliza Arbia.

"Tuchague yale membamba. Machache. Tutumie makaa yote, na tupepee."

Walijenga tanuri jingine, dogo kuliko la kwanza. Walipepea kwa vipande vya bati. Arbia akichoka, Weris alishika bati; Weris akichoka, Arbia alishika. Majivu yaliwaingia machoni. Moto ukawa mwekundu, kisha wa manjano, kisha mweupe kiasi kwamba haukutazamika. Mikono ilivimba. Hawakuzungumza, ila mara moja Arbia aliposema, "Mkweo angetuona sasa angesema tunapika samaki." Weris alicheka bila kutaka, akaendelea kupepea. Walikoma adhana ya magharibi ilipoita. Waliyafunika kwa bati yasipate mvua, wakayaacha yapoe.

Asubuhi Galgallo alifika mapema. Makombe yalikuwa meupe kama pamba, na mepesi mkononi. Galgallo aliwaambia wafunge nguo puani na mdomoni, na watoto wote wakae ndani, kwa sababu chokaa hii huunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Kama ikimrukia mtu, aoshe kwa maji mengi mara moja na kukimbilia hospitali. Akachukua debe la zamani lenye maji mpaka nusu.

"Chokaa ndiyo inaingia kwenye maji, kidogo kidogo," akasema. "Msimwage maji juu ya chokaa. Itawarukia usoni."

Alitumbukiza kombe la kwanza kwa kijiko kirefu. Maji yalikaa kimya. Alitumbukiza la pili. Kimya. Kisha kukatoka mlio mdogo, kama mafuta yanayopata moto. Makombe yakapasuka. Mvuke ukapanda, na maji yakachemka debeni pasipo moto chini yake.

"Bismillahi," Weris akasema, akarudi nyuma.

"Imeiva," Arbia akasema.

Galgallo alikoroga kwa mti mrefu mpaka chokaa ikawa nzito kama uji mwepesi. Ilipopoa aliwafundisha matumizi yake, na Weris alirudia kila neno mpaka akalishika. Kabla mgonjwa hajaenda haja, tia chokaa kidogo chini ya ndoo. Akimaliza, ongeza chokaa kiasi sawa na kilichomo, koroga kwa mti, funika. Usiimwage hapohapo. Kama ni adhuhuri, ngoja mpaka alasiri, chokaa ifanye kazi. Kisha mwaga katika shimo lililochimbwa mahali pa juu, mbali na maji, na ufukie. Matapishi nayo ni hivyohivyo. Makombe yaliyobaki makavu yasagwe, yawekwe kwenye kopo lenye kifuniko, maana yakikaa wazi hewani hupoteza ukali.

"Nikitia kidogo kwenye maji ya kunywa?" Weris akauliza.

"Hapana, kamwe. Usiinywe, usioshee mikono, usitie kwenye vibuyu. Hii ni ya choo na ya uchafu. Maji ya kunywa uyachemshe mpaka yatokote. Maziwa pia uyachemshe. Mikono ni sabuni na maji, kabla ya kula na baada ya choo. Chokaa haichukui nafasi ya hayo. Inafunga mlango mmoja tu, na hiyo mingine lazima uifunge wewe."

Walichimba shimo jipya kwenye kiinuko. Walimwaga chokaa pale nyuma ya nyumba na kufuata mkondo wote wa maji. Walipofika kwenye ua, Weris alisema upande wa pili atakwenda mwenyewe.

Kinsi alikuwa mlangoni kwake, anakaribia kurudi kwenye mahema. Weris alimwambia yote: ndoo, mchanga, mvua. Hakupunguza neno. Kinsi alitua furushi lake chini.

"Gelle ameweza kunywa leo," akasema. "Mwaga hiyo chokaa yako. Mengine tutayaongea akirudi."

Baada ya adhuhuri mkokoteni ulisimama nje. Jawahir aliteremka akiwa amepungua sana, lakini sauti ilikuwa imerudi. Iftin alipiga kelele ya furaha, akakimbia. Weris alimdaka kwa gauni kabla hajafika.

Jawahir alisimama. "Hata mtoto mmeninyima?"

"Hooyo, si mimi ninayekunyima," Weris akasema. Hakuwahi kumpinga mkwewe mbele ya watu. "Ni ugonjwa. Siku chache tu. Nimekutandikia chumba cha ndani. Kikombe chako peke yako, mkeka wako peke yako."

Jawahir aliingia ndani. Aliona ndoo yenye kitu cheupe chini. "Na hii ni nini?"

"Chokaa, hooyo. Makombe ya Arbia."

"Mabaki ya wala samaki. Chumbani kwangu."

Weris alimweleza alivyosema Galgallo. Kisha akamweleza alivyosema Maalim, kuhusu twahara na kuhusu najisi. Sehemu ile ya mwisho aliisema akitazama chini. Jawahir akakaa polepole juu ya mkeka.

"Haya," akasema. "Maadamu hamjaniambia niyale."

Zikafuata siku ngumu. Iftin alilia mlangoni akimwita nyanya yake, na Jawahir alilia ndani, ingawa alisema ni mafua. Tumbo la Jawahir lilichafuka tena. Weris alimpa maji ya dawa: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kila ndoo aliitia chokaa, akakoroga, akafunika, akangoja swala mpaka swala. Kila mara aliosha mikono kwa sabuni mpaka ngozi ikapasuka. Unsi aliuacha. Kila asubuhi alijiuliza kama amesahau jambo, kama kuna tone lililomponyoka.

Asubuhi moja Iftin alishika tumbo. "Linauma, hooyo."

Weris hakuvaa hata viatu. Alimbeba mtoto, akapita madimbwini mpaka alipomkuta Galgallo nyumba ya tatu. Galgallo aliligusa tumbo, akatazama macho na ulimi, akamuuliza mtoto amekula nini. Iftin alisita, halafu akafungua kiganja. Kilikuwa kimejaa kokwa za tende.

"Nani amekupa?" Weris akauliza.

"Ayeyo," akasema, akimtaja nyanya yake kwa Kisomali. "Dirishani. Akasema nisikwambie."

Galgallo aligeuza uso kuficha kicheko. Alisema tumbo limejaa tende tu, lakini wangoje waone, na kwamba Jawahir aambiwe asimpe mtu chakula kwa mkono wake kwa sasa. Weris alingoja mchana kutwa akiwa na mtoto mapajani. Choo cha mtoto kilikuwa kigumu, cha kawaida. Weris alisujudu palepale alipokuwa. Kisha akaenda kumgombeza mkwewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, na Jawahir aliyapokea yote.

Mvua ilipungua. Gelle alirudi nyumbani akiwa mzima, na Kinsi alikuja mwenyewe na kopo kuomba chokaa. Wanawake wengine wa mstari ule wa nyumba nao walikuja. Sasa Arbia alichoma makombe kila kuni zilipopatikana, na Weris alipepea moto bila kuufunika. Barabara ilipofunguka Yakub alileta magunia mengine ya maganda yaliyotupwa, na hakuna aliyelalamika harufu. Lori la unga wa dawa pia lilifika. Galgallo aliwaambia wautumie ukiwapo, na ukikosekana wawashe tanuri lao. Tangu wachimbe mashimo mapya na kuanza kutia chokaa, hakuna mgonjwa mwingine aliyetoka katika nyumba zile.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa mlangoni Galgallo alipokuja mara ya mwisho. Alimuuliza Jawahir maswali yake, naye akajibu kwa ukali wa mtu mwenye afya. Choo kimekuwa kizuri kwa siku nyingi. Galgallo alimgeukia Weris.

"Mwache mtoto," akasema. "Endeleeni na sabuni na maji ya kuchemsha, lakini sasa mwache."

Weris alimwosha Iftin mikono, akaosha na yake. Akasogeza pazia la chumba cha ndani.

"Nenda kwa ayeyo wako."

Iftin hakukimbia. Alisimama kizingitini, akamtazama mama yake usoni, kama anayengoja kudakwa kwa gauni. Alikuwa amejifunza kuogopa.

"Nenda, mama," Weris akarudia. "Nimekuruhusu."

"Njoo," Jawahir akasema, akainua pembe ya shuka. "Hata nikitaka kukuuma, meno niliyobaki nayo hayatoshi."

Mtoto alicheka, akaingia chini ya shuka, akauweka mgongo wake mahali pake. Weris aliwatazama. Aliona mkono wa Jawahir ukipita juu ya nywele za mtoto, taratibu. Hakulifuata tumbo la Iftin kuligusa. Aliwapa mgongo, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie, akaenda kutawadha.